Uzito wa Alama na Aliyeupanga

Watu huhakiki riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Sijapata kuona mtu akihakiki daftari la alama. Hata hivyo, baada ya kulijaza daftari hilo kwa miaka zaidi ya thelathini, kwanza nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, kisha mkufunzi, na hatimaye mkuu wa chuo cha ualimu, ninaamini kwamba ni vitabu vichache sana vinavyosomwa kwa hofu kama hicho. Riwaya mbaya humchosha msomaji akaifunga. Daftari baya la alama humrudisha kijana kwao na sanduku lake mkononi, wala hajui kosa ni la nani. Kwa sababu hiyo naomba msomaji anivumilie nikilihakiki daftari moja, tena si la karatasi bali la kompyuta.

Nililifahamu kwa njia ya binti yangu. Yeye naye ni mkufunzi katika chuo cha ualimu, na alikuja kutusalimu wakati wa likizo. Usiku wa pili, baada ya chakula, alifungua kompyuta yake mezani, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniita.

"Baba, hebu njoo uone. Nimepewa kozi ya mtandaoni niiandalie alama. Kanuni za chuo zinasema hivi, na mashine inasema vile. Sijui nimekosea wapi."

Nilimwambia kwamba mimi ni mtu wa chaki. Akacheka. "Hesabu ni zilezile, Baba. Vaa miwani."

Nikavaa miwani. Tuliketi pale hadi mafuta ya taa ya akiba yakatafutwa, maana umeme nao ulikatika, na kompyuta ikaendelea kwa betri yake. Niliyoyaona usiku ule ndiyo niliyokusudia kuyaeleza hapa, pamoja na jambo moja langu binafsi ambalo nisingelipenda kulieleza, lakini bila hilo uhakiki huu utakuwa wa uongo.

Kabla ya kuingia katika mashine, yafaa tukumbushane tulikotoka. Wenzangu wa rika langu watakumbuka kwamba mwalimu wa zamani hakusumbuliwa na suala la uzito. Kulikuwa na mtihani wa mwisho, nao ndio uliokuwa kila kitu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alilaumu waziwazi mtindo wa kumpima mtu kwa mtihani wa karatasi peke yake. Mwaka 1974, Azimio la Musoma likasisitiza jambo hilo. Kuanzia mwaka 1976, maendeleo ya mwanafunzi wa sekondari darasani, kazi zake za mikono na hata tabia yake yakaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani, nusu kwa nusu. Baadaye uwiano huo umebadilishwa zaidi ya mara moja, lakini wazo lenyewe limebaki: kwamba matokeo ya mtu yatokane na vipande kadhaa, na kwamba kila kipande kiwe na uzito wake uliokubaliwa.

Wazo hilo ni jema. Kwetu sisi wa vyuo vya ualimu ni la lazima, kwa kuwa mtu anaweza kuandika insha nzuri juu ya kufundisha na asiweze kuwanyamazisha watoto arobaini kwa dakika tano. Lakini wazo hilo lilitukabidhi kazi ambayo wengi wetu hatukufundishwa: kazi ya mizani. Tulikuwa na daftari kubwa la mistari, wino wa buluu na mwekundu, na mashine ndogo ya kuhesabia iliyokuwa ikizungushwa kutoka kwa mkufunzi mmoja hadi mwingine. Tulijumlisha. Tulidhani kujumlisha ndiko kupima.

Sasa niingie katika daftari lenyewe. Mfumo anaoutumia binti yangu unaitwa Moodle. Ulianzishwa na Martin Dougiamas huko Perth, Australia, na toleo lake la kwanza kamili lilitolewa mwaka 2002. Hutolewa bure, na chuo chenye fundi wake kinaweza kuuweka katika kompyuta zake chenyewe. Hiyo ni sababu mojawapo inayovifanya vyuo vingi vya Afrika kuupenda. Ndani yake mwalimu huweka masomo, maswali na kazi, na kila kazi anayoisahihisha huandikwa yenyewe katika daftari la alama. Hakuna kunakili, hakuna kuruka mstari, hakuna kumpa Asha alama za Aisha. Kwa mtu aliyewahi kunakili majina mia na ishirini usiku wa manane, huo pekee ni msaada wa kushukuriwa.

Jinsi linavyopangwa ni hivi. Kila kazi ni kipengele. Vipengele vinaweza kuwekwa pamoja katika mafungu: kazi za kuandika katika fungu moja, majaribio katika fungu jingine, na kadhalika. Kisha mwalimu huchagua njia ambayo daftari litatumia kutoa jumla. Njia ni nyingi, lakini mbili ndizo zinazohusu hoja yangu. Ya kwanza huitwa njia ya asili. Katika njia hiyo, mwalimu asipogusa kitu, kila kipengele hupata uzito kulingana na alama zake za juu: kazi ya alama 20 ina uzito maradufu ya kazi ya alama 10. Ya pili ni wastani wenye uzito. Hapo kila alama hugeuzwa kwanza kuwa sehemu ya alama zake za juu, kisha huzidishwa kwa uzito ambao mwalimu ameuandika kwa mkono wake.

Njia ya asili ililetwa katika toleo la mwaka 2014, na ndiyo anayoikuta mwalimu akifungua kozi mpya, isipokuwa msimamizi wa mfumo ameamua vingine. Na hapa ndipo ninapoanza kuwa na neno na waandishi wa daftari hili. Nina ugomvi na jina hilo. Asili ni jua kuchomoza na mvua kunyesha. Uamuzi kwamba karatasi ya alama 80 iwe na uzito mara nne ya karatasi ya alama 20 si asili. Mwalimu aliyetunga karatasi ya alama 80 huenda alifanya hivyo kwa kuwa maswali yalikuwa mengi, au kwa kuwa ndivyo alivyozoea. Hakuwa akisema kwamba karatasi ile ni muhimu mara nne. Kuuita uamuzi huo asili ni kumwambia mwalimu aliyechoka kwamba hapana haja ya kuuliza.

Tutazame kozi ya binti yangu. Alikuwa na kazi nne za kuandika zenye jumla ya alama 40, majaribio mawili yenye jumla ya alama 60, mazoezi ya kufundisha yenye alama 20, na mtihani wa mwisho wa alama 80. Zote pamoja ni alama 200. Kwa njia ya asili, mashine iliyapa mambo hayo uzito wa asilimia 20, 30, 10 na 40. Lakini kanuni za chuo chake zilisema asilimia 10, 15, 25 na 50. Alikuwa amedhani kwamba kwa kuwa ameingiza alama zote sawasawa, jumla itakuwa sawasawa.

Tukachukua wanachuo wawili wa kubuni ili tuone. Wa kwanza amepata 28 katika kazi za kuandika, 33 katika majaribio, 18 katika kufundisha, na 36 katika mtihani. Wa pili amepata 30, 42, 8 na 48. Msomaji mwalimu atawatambua mara moja. Wa kwanza ni yule ambaye kalamu humshinda lakini watoto humpenda. Wa pili ni yule anayejibu maswali vizuri na akisimama mbele ya darasa anakabiliana na ubao, si watoto.

Kwa kujumlisha tu, wa kwanza ana 115 katika 200, yaani asilimia 57.5. Wa pili ana 128, yaani asilimia 64. Wa pili amemshinda mwenzake kwa mbali. Kisha tukabadili, tukaandika uzito wa kanuni. Wa kwanza akapata asilimia 60.25. Wa pili akapata 58. Hakuna alama hata moja iliyobadilishwa. Hakuna karatasi iliyosahihishwa upya. Kilichobadilika ni mizani, na aliyekuwa nyuma amekuwa mbele.

Binti yangu alifurahi, maana tatizo lake lilikuwa limepatikana. Mimi sikufurahi. Nilimwomba radhi nikaenda chumbani, nikafungua sanduku ambalo marehemu mama yake alikuwa akiniambia kila mwaka nilichome moto pamoja na makaratasi yake.

Mwaka 1984 nilikuwa mratibu wa taaluma katika chuo kimoja cha ualimu, ambacho sitakitaja kwa kuwa kosa lilikuwa langu na si la chuo. Kanuni yetu ya ndani ya kupanda mwaka wa pili ilikuwa wazi: kazi za mwaka robo, mazoezi ya kufundisha robo, mtihani nusu. Tuliipitisha wenyewe katika kikao cha wakufunzi, na mimi ndiye niliyeiandika kwa mkono katika kumbukumbu. Mwisho wa mwaka wakufunzi waliniletea alama. Kazi za mwaka zilikuwa zimesahihishwa kwa alama 60, mazoezi ya kufundisha kwa alama 20, mtihani kwa alama 120. Nikaona jumla ni 200, nambari nzuri, rahisi kugawa kwa mbili. Nikajumlisha, nikagawa kwa mbili, nikapigia mstari mwekundu walio chini ya 50.

Kulikuwa na kijana mmoja. Nilimkagua mimi mwenyewe katika shule ya msingi ya jirani akifundisha sehemu kwa kutumia machungwa na kisu. Watoto walikuwa wamesimama juu ya madawati, na hakuna aliyepiga kelele. Nilimpa 18 katika 20, na sikuwa mtu wa kugawa alama ovyo. Lakini katika kazi za mwaka alikuwa na 30 katika 60, na katika mtihani 48 katika 120. Jumla yake ilikuwa 96. Nusu ya 96 ni 48. Alirudishwa kwao kwa alama mbili.

Nilikumbuka kwamba katika kikao mkufunzi mmoja aliuliza kama hapana njia ya kumsaidia. Nilimjibu kwa sauti ya kikubwa kwamba hesabu hazina huruma wala chuki. Nililipenda jibu hilo. Nililitumia tena miaka iliyofuata.

Usiku ule, miaka arobaini baadaye, nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya mwaka 1984. Nusu ya kazi za mwaka katika robo ni 12.5. Tisa ya kumi ya kufundisha katika robo ni 22.5. Asilimia 40 ya mtihani katika nusu ni 20. Jumla ni 55. Kwa kanuni tuliyoipitisha wenyewe, niliyoiandika mwenyewe, kijana yule alikuwa amefaulu, tena bila wasiwasi. Kanuni ilisema kufundisha ni robo. Mimi kwa kujumlisha kwangu nilikuwa nimekufanya sehemu moja ya kumi, na mtihani nikaupandisha kutoka nusu hadi asilimia 60. Nilifanya kwa mkono kile ambacho mashine leo inakiita asili.

Nieleweke. Simlaumu yeyote, na sitafuti kujificha nyuma ya mashine. Nasema tu kwamba kosa lile ni jepesi mno, na linafanywa na watu wanaojua hesabu. Ndiyo sababu chombo kinachopewa walimu kinapaswa kuwasimamisha mlangoni na kuwauliza: mizani hii ni ya nani? Daftari la Moodle haliulizi. Humpokea mwalimu kwa mizani iliyokwisha pangwa, humwonyesha jumla yenye desimali mbili, na jumla yenye desimali mbili hutisha. Nani atabishana na 57.50?

Kwa upande wa pili, haki yake nimpe. Mwalimu akishajua kuuliza, daftari hili humjibu vizuri kuliko daftari langu lolote. Katika ukurasa wa kupanga, uzito wa kila kipengele umeandikwa kando yake, na mwalimu anaweza kuweka tiki, akafuta ule wa mashine, akaandika wake. Vipengele ambavyo hajavigusa hujipanga upya vyenyewe ili jumla ibaki mia. Akitumia mafungu, anaweza kuongeza kazi ya tano ya kuandika katikati ya muhula bila kuharibu chochote: fungu hubaki na asilimia 10 zake, na kazi tano hugawana kile ambacho zilikuwa zikigawana nne. Ni kama familia iliyopata mgeni. Sufuria ni ileile, sahani zimeongezeka. Katika daftari la karatasi, kazi ya tano ilikuwa ikiongeza uzito kimyakimya, nasi hatukutambua.

Zaidi ya hayo, taarifa ya mwanachuo mwenyewe inaweza kumwonyesha, mbele ya kila kazi, ina uzito gani na imechangia kiasi gani katika jumla yake. Mabadiliko ya alama nayo huwekwa katika kumbukumbu: ilikuwa ngapi, imekuwa ngapi, nani aliyebadilisha, lini. Kama kijana wa mwaka 1984 angekuwa na taarifa kama hiyo mkononi, angeona kufundisha kumeandikwa asilimia 10, angeikumbuka kanuni iliyobandikwa ubaoni, na angebisha hodi ofisini kwangu. Labda ningemfukuza. Lakini angebisha.

Nina lawama ya pili, nayo ni juu ya nafasi tupu. Daftari hili, lisipoambiwa vingine, halihesabu kazi ambayo haina alama. Sababu yake ni nzuri: katikati ya muhula mtihani bado haujafanywa, na mashine ikiuhesabu kuwa sifuri, darasa zima litajiona limefeli mwezi wa pili. Lakini muhula ukiisha, wema huo hugeuka. Tumrudie mwanachuo wetu wa pili. Katika kazi za kuandika ana asilimia 75, majaribio 70, kufundisha 40, mtihani 60, na kwa uzito wa kanuni amepata 58. Sasa tuseme siku ya kufundisha aliogopa, akabaki bwenini, na mkufunzi akaacha nafasi yake tupu. Mashine itachukua vipengele vitatu vilivyobaki, vyenye uzito wa 75, itagawa 48 kwa 75, na kumpa asilimia 64. Aliyesimama mbele ya watoto akatetemeka amepata 58. Angelala angepata 64. Nafasi hiyo ikihesabiwa kuwa sifuri, angepata 48. Tofauti ya 64 na 48 inatokana na tiki moja katika kisanduku kimoja.

Katika daftari la karatasi nafasi tupu ilionekana. Ilikuwa tundu katika ukurasa, na mkuu wa chuo aliiwekea kidole akauliza, "Huyu vipi? Alikuwa mgonjwa, ama alitoroka?" Swali hilo haliwezi kujibiwa na mpango wowote wa kompyuta. Mgonjwa astahili kupewa siku nyingine. Mtoro astahili sifuri. Mashine inajua tu kwamba hapana kitu. Hivyo mkufunzi asiyerudi mwishoni mwa muhula kuzipitia nafasi tupu moja moja, na kuandika sifuri kwa anayestahili, anaiachia mashine itoe hukumu katika kesi ambayo haikuisikiliza.

Lawama ya tatu si ya mashine bali yetu sisi, nami naitaja kwa kuwa wengi hudhani uzito ukishaandikwa kazi imekwisha. Haikwisha. Katika miaka ile ya nusu kwa nusu, niliwajua walimu waliompa kila mwanafunzi kati ya 38 na 43 katika 50 za maendeleo ya mwaka. Ama waliogopa lawama, ama walitaka wanafunzi wao wafaulu, ama hawakuwa wamesahihisha. Mtihani nao ulitoa alama kutoka 14 hadi 44 katika 50. Sasa tazama: katika maendeleo ya mwaka, wa kwanza na wa mwisho wametengana kwa alama 5. Katika mtihani wametengana kwa alama 30. Karatasi inasema nusu kwa nusu, lakini ni nini hasa kilichompanga nani awe wa kwanza na nani awe wa mwisho? Ni mtihani, karibu peke yake. Kipimo kisichotofautisha watu hakina uzito, hata ukiandika kwamba kina asilimia 50. Ni sawa na mwuza duka anayeweka jiwe moja upande huu wa mizani na jiwe lilelile upande wa pili. Mizani haitikisiki, na wateja wote huondoka wakidhani wamepimiwa.

Kwa hiyo ukitaka mazoezi ya kufundisha yawe na uzito kweli, haitoshi kuandika 25 katika kisanduku. Ni lazima uende ukae nyuma ya darasa, umwone mwanachuo akifundisha, na uwe na ujasiri wa kumpa mmoja 18 na mwingine 8, na kuweza kueleza kwa nini. Uzito wa kweli huandikwa kwa miguu ya mkaguzi kabla ya kuandikwa kwa kompyuta.

Binti yangu aliniuliza afanye nini. Nilimpa ushauri ambao nami ningependa kupewa zamani, na nauweka hapa kwa faida ya mwalimu yeyote anayepanga alama, kwa karatasi au kwa mtandao.

Kwanza, asifungue daftari kabla ya kuandika uzito katika karatasi na kuutangaza kwa wanachuo siku ya kwanza. Uzito unaotangazwa mwishoni ni uzito unaotafutiwa watu.

Pili, agawe kazi katika mafungu, achague wastani wenye uzito, na aandike nambari za kanuni kwa mkono wake katika mafungu yale, bila kutegemea kwamba alama za juu za karatasi zitampangia.

Tatu, kabla ya mwanachuo wa kweli kuingia, abuni wanachuo wawili kama wale wetu, awapigie hesabu kwa kalamu, kisha aitazame mashine. Zikitofautiana, asiiamini mashine wala asijiamini, atafute.

Nne, mwisho wa muhula azipitie nafasi tupu zote, na kila moja aitolee uamuzi wenye jina lake.

Tano, awaache wanachuo waone uzito na mchango wa kila kazi. Jicho la anayepimwa ni kali kuliko la anayepima.

Aliyaandika yote. Kisha akauliza kwa nini nilikuwa nimetoka na daftari kuukuu mkononi, nikamweleza. Hakunifariji, nami namshukuru kwa hilo. Aliuliza tu, "Alikuwa akifundisha nini siku hiyo, Baba?" Nikamwambia sehemu, kwa machungwa. Akakaa kimya.

Nilikutana na kijana yule mara moja tu baadaye, katika stendi ya basi, miaka kama kumi tangu aondoke chuoni. Alikuwa mtu mzima sasa, akipakia mizigo juu ya mabasi. Alinitambua kabla sijamtambua. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, akaupokea mfuko wangu, akaupandisha, akakataa pesa. Niliketi dirishani nikiwa na furaha kwamba wanafunzi wangu wananikumbuka kwa wema. Wakati huo sikuwa nimepiga hesabu upya. Yeye, bila shaka, alikuwa ameshapiga za kwake, na alikuwa ameamini kwamba hazikutosha.

Siwezi kumrudishia kitu. Sijui aliko, na pengine angekuwa sasa mwalimu mkuu mstaafu. Ninachoweza ni kusema mahali ambapo wengine wanaweza kusoma: nilikosea kusema kwamba hesabu hazina huruma wala chuki. Hesabu hufuata mizani, na mizani ina mwenyewe. Mwaka 1984 mwenyewe alikuwa mimi, na nilikuwa sijaitazama.